Barabara Si Yetu

Ubinafsi hupenda kuvaa joho la tahadhari. Fundi alipofunga kamera katika duka la kaka yangu, hapa Goma, aliipanga irekodi pale tu kitu kinapopita mbele yake.

“Papa, niingize na barabara?” akamuuliza kaka kwa heshima.

“Pikipiki zitajaza kumbukumbu bure,” kaka akajibu. “Barabara si yetu. Weka mlango tu.”

Wiki iliyofuata mwana wa jirani yetu alipakiwa garini kwa nguvu, hatua chache kutoka mlango huo. Mama yake akaja kuomba picha. Kamera haikuwa na kitu isipokuwa paka wetu akipita mlangoni. Kijana hajarudi.

Aliyeliona gari lile, akaandamana na mama huyo kwenda kulieleza mbele ya wakubwa tuliowaogopa sote, ni muuza makaa wa ng’ambo ya barabara, tunayemwita kwa jina la makaa yake: Mama Makala.