Gitaa Lililoita Ndovu

Gitaa langu lilikuwa linaita ndovu.

Sio mimi niliyesema hivyo. Ni kanisa zima, kule juu ya Kiirua, upande wa msitu. Na kusema kweli, ilifika mahali hata mimi nikaanza kuamini.

Naitwa Naftaly. Nilikuwa napiga gitaa la stima kanisani, na harusi za Jumamosi ndizo zilizolisha nyumba yangu.

Mambo yalianza wakati wa kiangazi. Nachomeka kebo kwa spika, na kabla sijagusa chochote nasikia: tak. Kimya kidogo. Tak. Kimya. Tak.

Kama mtu anayebisha mlango na hachoki.

Nilibadilisha kebo. Tak. Nikaweka nyaya mpya zote. Tak. Nikafungua tumbo la gitaa na kuchomelea upya kila kilicholegea. Tak tu.

Sasa noma ilikuwa hii. Jioni ambayo gitaa limegonga vibaya mazoezini, kukicha tunasikia ndovu wameingia mashambani. Mwanzoni watu walicheka. Waliporarua shamba zima la Mbae la waru, yaani viazi, hakuna aliyecheka tena.

Mbae ni jirani yetu na mzee wa kanisa. Alinisimamisha mlangoni baada ya ibada, yeye na mkewe Ciakuthii.

"Naftaly, mimi si mtu wa ushirikina," akasema. "Lakini hiyo kitu yako ikilia, hao wanyama wanakuja. Wewe unaona ni nini?"

"Mzee, ni shida ya stima tu."

"Basi tengeneza, ama uondoe. Jumapili ijayo utatuambia mbele ya watu."

Ciakuthii akaniangalia. "Waru yote imeisha. Sasa watoto tuwapikie muziki?"

Nilikuwa nimechoka, ile ya kuchoka mpaka mifupa.

Nikalipeleka gitaa Meru mjini kwa Isak, fundi wa redio. Akalichomeka. Likaimba safi, bila tak hata moja. Nilitamani kulia.

"Gitaa ni zima," Isak akasema. "Kwenu kuna fensi ya stima?"

"Iko. Ya kuzuia ndovu."

"Basi inavuja mahali. Stima ya fensi huenda kwa mapigo. Ikipata pa kuruka cheche, gitaa lako linasikia. Na ikivuja, fensi inaisha nguvu. Ndovu ataogopa nini?"

Nikakaa chini. Kumbe watu hawakuwa wamekosea. Gitaa likigonga, ndovu huja. Ila walikuwa wamemshika shahidi wakamwita mwizi.

Isak aliniazima spika ndogo ya betri. Kesho yake nikatembea kando ya fensi, gitaa shingoni, nikifuata sauti. Watu walisimama mashambani kunitazama.

"Huyo sasa amerukwa na akili," mmoja akasema, wala hakushusha sauti.

Nilipopita kwa Mbae, tak ikapanda. Niliomba kimoyomoyo cheche ziwe hapo. Hazikuwa. Nikasonga mbele, sauti ikazidi kupanda, mpaka nikajikuta nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Kulikuwa na waya umening'inizwa kwenye fensi, na ncha ya pili imezungushwa kwenye chuma kilichochomekwa ardhini. Upepo ukiutikisa, cheche.

Mama akatoka na kikapu cha majani ya ng'ombe.

"Mama, hii waya ni ya nani?"

"Ni yangu. Si fensi ilimpiga Kajuju?" Kajuju ni binti yangu. "Siku ile waliizima watengeneze nguzo, nikaifunga hapo. Nigeuze stima kidogo iingie kwa udongo, vile tunageuzanga maji ya mfereji. Hapa ipungue, kwa wengine iendelee."

"Stima si maji, mama. Umeimaliza fensi yote."

Akageuka kutazama shamba la Mbae, lilivyobaki udongo mtupu. Kikapu kikamponyoka.

"Usiwaambie," akasema. "Naftaly, nitakaa wapi na hawa watu?"

Nikauangusha ule waya kwa fimbo kavu. Tak ikanyamaza.

Nilifikiria sana. Ningesema fensi ilivuja, swali la pili lingekuwa ilivuja wapi. Kwa hivyo nilipomrudishia Isak spika yake, nikamuuzia na gitaa.

Jumapili nikasimama. "Gitaa nimeliuza," nikasema, nikaketi.

Ndovu hawakurudi. Kijiji kizima kikawa na wimbo mmoja: si tulisema?

Siku ya shukrani, mama akainuka kutoa ushuhuda. Nikajua leo atasema ukweli, na nilikuwa nimejiandaa kusimama kando yake.

"Namshukuru Mungu," mama akasema. "Mwanangu alikuwa amefungwa na ile gitaa. Leo amefunguliwa. Tumwombee asirudi nyuma."

Kanisa likapiga makofi. Ciakuthii akamkumbatia. Mama hakuniangalia hata mara moja, na iliniuma vibaya sana.

Siku hizi Jumamosi zangu nazimalizia kwa Mbae, namsaidia kupanda waru upya. Yeye anadhani ni toba. Huniletea chai na kuniambia Mungu ni mwema.

Funzo nililobaki nalo ni hili. Ukiamua kumbebea mtu aibu yake, jipange. Iko siku atasimama mbele ya watu akuombee, na wewe itabidi useme amina.