Kabla ya Firimbi Kulia

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu mjini Wote kwenye majaribio ya timu ya wasichana. Tulifika mapema, nyasi zikiwa bado na umande, na kabla hajamaliza kufunga kamba za njumu alikimbia nyuma ya choo cha uwanja akatapika uji wote. Nikampelekea maji asukutue. Akajipangusa mdomo, akaniuliza, "Baba, hata wewe uliogopa hivi?"

Nikamwambia ajikaze, wenzake wanaingia. Jibu lenyewe ni refu, lisingetosha pale nyuma ya choo. Wewe lakini una nafasi, kwa hivyo kaa nikuambie.

Miaka ile ya sabini, klabu moja kubwa ya Nairobi ilifungua kambi ya vijana kwetu Ukambani. Ilikuwa klabu ambayo mechi zake tulizisikiliza Jumamosi tukiwa tumebanana mlangoni mwa duka lenye redio. Kocha wa vijana alizunguka Kyuso, Mwingi, Matinyani, akavuka hadi upande wa Makueni, akitazama watoto wakicheza kwenye viwanja vya shule na vya soko. Mimi alinikuta Kyuso siku ya mnada wa mbuzi, nikicheza beki miguu mitupu. Alizungumza na babangu maneno machache tu, na jioni ile baba akatangaza soko zima kwamba mwanawe ameitwa na Nairobi. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, ndiye pekee ambaye hakushangilia. "Mpira haukamuliwi," alisema, akaendelea kupeta ndengu zake.

Kambi ilikuwa katika ghala la zamani la pamba, si mbali na Matinyani, kando ya mto wa mchanga. Unaijua mito yetu. Mwaka karibu mzima haina maji ya kuonekana, ni mchanga mweupe mpana kama barabara, na akina mama huchimba visima humo wakapata maji chini. Ndani ya ghala tulilala kwenye vitanda vya mbao, na nyuzi za pamba za miaka iliyopita zilikuwa zimeshika kwenye mapaa, zikituangukia usingizini. Asubuhi tuliamka na mvi. Tulikula isyo, mahindi na maharagwe, mchana na usiku, na Jumapili mama mpishi alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akitia kipande cha nyama ambacho kila mtu alidai amekiona kwenye sahani ya mwenzake. Tulichota maji kwa zamu, tukafua jezi kwa zamu, tukapaka mipira ya ngozi mafuta ya mbuzi isipasuke kwa jua. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta yale hutoka nje.

Kwa sababu tuliogopa, rafiki yangu. Tuliogopa kuanzia kuamka hadi kulala. Kocha alikuwa amechezea timu kubwa mpaka goti lake likaharibika, na alitembea akichechemea kidogo, na shada la funguo kiunoni. Hakuwahi kutupiga. Hakupiga hata kelele. Alikuwa na firimbi tu. Ikilia unaanza, ikilia tena unaacha, na katikati hakuna kuuliza, hakuna kusimama, hakuna kunywa maji. Aliyesimama kabla ya firimbi alitazamwa. Na aliyetazamwa mara nyingi alipata yai.

Hilo yai nikueleze. Kila baada ya muda kocha aliwaondoa wale ambao aliona hawatafika. Hakusema kitu mbele yetu. Alimwambia mama mpishi, naye kwa huruma yake alimchemshia yule mtoto yai la kula njiani. Kwa hivyo tulijua tu asubuhi, uji ukiletwa. Tuliketi kwenye benchi, vikombe mikononi, hakuna aliyeinua macho, tukisikia hatua za mama mpishi zikija na yai moja kwenye sufuria. Ukilisikia likigonga sahani ya jirani yako, ulishusha pumzi, halafu ukaona aibu kwa kushusha pumzi. Mimi nilimfikiria baba na soko lake lote. Ningerudi vipi Kyuso nikiwa nimeshika yai?

Kulikuwa na mmoja tu asiyeogopa, kipa wetu, kijana wa huko Wote, mrefu, mikono kama majembe. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Alicheka kila kitu. Taa ikizimwa alimwigiza kocha anavyochechemea, akigonganisha vijiko badala ya funguo, nasi tunauma mablanketi tusisikike. "Nyinyi mnaogopa nini?" alituuliza. "Yai ni chakula!"

Aliyeogopa kupita wote alikuwa winga mdogo wa kushoto, mtoto wa familia ya Kiislamu yenye duka Mwingi mjini. Kiswahili chake kilikuwa safi, kilitushinda sisi wote, lakini mwili wake haukuzoea jua wala mchanga. Sote tulijua yai linalofuata ni lake. Sidhani kama hata yeye alibisha.

Mchana mazoezi yalikuwa mtoni. Kocha aliamini mchanga unajenga mguu, na alisema kweli, ila kwanza unauvunja. Unakanyaga, mguu unazama, unauvuta, unazama tena. Tulikimbia kwenda na kurudi, jua likitupiga juu na mchanga ukituchoma chini, naye amesimama ukingoni na firimbi mdomoni. Kipa alifanya mazoezi yake peke yake, mbali nasi, karibu na jabali lililokuwa katikati ya mto kuelekea ng'ambo. Alijirusha huku na huku akidaka mipira aliyoigonga jabalini, mchanga umemjaa hadi masikioni.

Siku ninayotaka kukuambia haikuwa na wingu juu yetu. Tulikuwa tumeshakimbia hadi midomo imekauka. Kisha nikasikia sauti. Mwanzoni ilikuwa kama lori linalopanda mlima mbali. Halafu haikuwa lori. Ilikuwa nzito, ikitoka ardhini, na katikati yake vitu vilikuwa vikivunjika.

Mimi nimekulia kando ya mto kama ule. Niliijua. Nikamtazama beki mwenzangu, mtoto wa Matinyani, nikaona macho yake yamekuwa makubwa, naye anajua. Sote tulijua, kwa maana hakuna mtoto wa Kikamba asiyeonywa juu ya sauti ile: mvua imenyesha milimani, na mto unakuja. Na tuliendelea kukimbia. Niamini. Mto unakuja na sisi tunakimbia mstari mmoja, tunageuka, tunarudi, kwa sababu firimbi ilikuwa haijalia. Kocha hakuwa mtu wa mito, alizaliwa na kukulia mjini, na alikuwa akimtazama aliye nyuma ya mstari. Nilitaka kupaza sauti. Nikaendelea kukimbia. Niliogopa maji, lakini nilimwogopa yule mtu zaidi.

Aliyesimama alikuwa winga mdogo. Alisimama katikati ya mchanga, mikono kiunoni, akageuza kichwa upande wa juu wa mto.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Hakujua, maskini. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Na swali hilo lilikuwa kama mtu ametukatia kamba. Sote tukapiga kelele kwa pamoja, "Mto! Mto unakuja!" tukaruka kuelekea ukingoni. Beki mwenzangu alimshika winga jezi akamburuta. Firimbi ililia nyuma yetu, tena na tena, sauti isiyo na maana yoyote. Nilipanda ukingo kwa kucha, mizizi ikinichana kifua, na nilipogeuka mchanga tuliokuwa tukikimbia juu yake haukuwepo.

Mto wetu haujai polepole, unafika. Ulikuja ukuta mwekundu, povu na magogo mbele yake, na mbuzi mmoja aliyekufa akizunguka zunguka. Maji yalipita kwanza upande wetu, ambako kulikuwa na bonde, na kumkatia kipa njia. Alipotuona tukikimbia alikuwa amecheka, masikio yamejaa mchanga na hajasikia kitu, akidhani tumeasi na tutatazamwa vizuri siku hiyo. Alipoelewa hakukuwa na pa kwenda ila juu ya jabali. Alipanda, maji yakampanda nyuma, mpaka ikabaki sehemu ndogo ya jiwe na yeye ameikumbatia.

"Mwaitu!" alilia. Mama yangu. "Mwaitu, mwaitu wee!"

Sikuwahi kusikia sauti yake bila kicheko ndani. Winga aliziba masikio akaanza kusoma dua, na sisi wa makanisani tukaomba za kwetu, kila mmoja kivyake.

Nikamtazama kocha. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama majivu. Alifungua shada la funguo kiunoni akanipa mimi.

"Ghalani," akaniambia. "Kamba za marobota ya pamba. Zote. Kimbia, mama mpishi akusaidie."

Sikumbuki njia. Nakumbuka nikishindwa kupata ufunguo, na mama mpishi akininyang'anya shada lote, akisema, "Pumua, mwanangu, pumua." Tuliporudi na kamba za mkonge mabegani, kocha alikuwa ukingoni kabisa, maji yakimlamba miguu, akimpigia kipa kelele. Mtu yule aliyekuwa hasemi, sauti yake ilikuwa imekauka kwa kusema.

"Usiangalie maji! Kipa anaangalia nini?"

"Mpira!" ilijibu sauti nyembamba.

"Mimi ndio mpira! Niangalie mimi! Magoti chini, shika hilo jiwe! Kipa anaangalia nini?"

"Mpira, mwalimu!"

Hivyo hivyo, alasiri nzima. Kipa akinyamaza, kocha anauliza tena. Tuliunganisha kamba, tukazizungusha kwenye mti wa mgunga uliokuwa ukingoni, tukangoja maji yapungue. Kuna kuogopa kwa kukimbia, na kuna kuogopa kwa kungoja, na kwa kungoja ni kubaya zaidi. Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati povu lilipopungua na magogo yakaacha kupita. Maji yalikuwa bado ya kifuani. Mama mpishi alisema tungoje zaidi. Kocha akatuonyesha jabali: kipa alikuwa ameanza kuteleza, mikono haina nguvu tena.

Alivua viatu. Akajifunga kamba kifuani, akatupanga nyuma yake kama timu ya kuvuta kamba, wakubwa karibu na mti. Kisha akageuka. Nilikuwa wa kwanza kwenye kamba, kwa hivyo nilimwona vizuri. Alilijaribu fundo la kifuani mara mbili.

"Msiniachie," akasema. "Tafadhali, wanangu. Mimi sijui kuogelea."

Akaingia. Goti lile bovu lilimsaliti katikati, akazama, na kamba ikatuvuta sote hatua mbele, viganja vikichubuka, mtu akipiga kelele nyuma, "Shika! Shika!" Akaibuka. Akafika. Nilimwona akimwekea kipa mkono mgongoni kama mtu anayemtoa mtoto mtini. Namna tulivyowarudisha siwezi kukueleza, nilikuwa nimefumba macho nikivuta. Nilipoyafumbua walikuwa wamelala kwenye udongo wamekumbatiana, wote wawili wanatapika maji mekundu.

Kesho yake asubuhi, tukiwa kwenye uji, kipa aliingia na mkoba wake begani. Kocha alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaa," kocha akamwambia. "Hakuna anayekufukuza. Wewe ndiye kipa bora niliye naye."

Kipa akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Naogopa."

Tukaacha kunywa. Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa mbele yake. Kocha aliangalia chini, akichezea firimbi yake.

"Mimi pia," akasema.

Mama mpishi alimchemshia yai, naye akalimenya palepale, akalila polepole mbele yetu, akampa mkono kila mmoja, akaondoka. Ana shamba la matunda karibu na Wote siku hizi. Tukikutana tunaongea habari za mvua na bei ya maembe, na hatuvuki hapo.

Winga alibaki. Kocha hakumtazama vibaya tena, wala hakumtazama hivyo mwingine yeyote. Mimi nilifika hadi timu ya akiba Nairobi, nikacheza msimu mmoja, nikarudi kuwa mwalimu. Klabu yenyewe ilivunjika, na vijana wa sasa ukiwatajia jina lake wanakuangalia kama umetaja kijiji cha mbali. Kocha alizikwa bila sisi kujua. Ghala lilibomolewa, mabati yakagawanywa.

Lakini kinachonijia nikiwaza kambi ile si uwanja wala jezi. Jioni ile ya mto, bila kuambiwa na mtu, tulivisogeza vitanda vyote vikagusana, vikawa kama kitanda kimoja kikubwa katikati ya ghala, na vikakaa hivyo hadi mwisho wa msimu. Mtu alipopiga kelele usingizini, na tulipiga sana, hakuna aliyecheka. Mkono ulinyooshwa gizani, haijulikani wa nani, na sauti ikauliza, "Ni nini? Niambie." Nimelala katika nyumba nyingi tangu wakati huo, nyumba nzuri, zenye milango inayofungwa. Sijapata tena nyumba ambamo mtoto mmoja akiogopa, wote wanaamka.