Bao Alilolikataa Pilipili

Wasichana wa kiwanda cha nguo walimwita Pilipili kwa sababu alikuwa mfupi na mwembamba, na akishaingia kwenye ngome ya wapinzani lazima mtu atokwe na machozi. Kiwanda kilikuwa na klabu ya mpira wa magongo, na klabu ndiyo iliyompatia kazi. Asubuhi alikaa chumba cha ukaguzi, akipitisha vidole juu ya mishono ya mashati kutafuta palipofyatuka uzi. Hakuangalia. Alipapasa tu huku akipiga soga, na shati bovu likatupwa kando kabla jicho la msimamizi halijaliona. "Vidole vya huyu havijui kudanganya," msimamizi alikuwa akisema, na Pilipili akaamini, masikini.

Jioni alikuwa mshambuliaji. Misimu tisa aliifungia klabu mpaka watu wakaacha kuhesabu. Timu ya taifa ilimwita akiwa na miaka ishirini na hakutoka tena kikosini. Akacheza ugenini kwenye nyasi bandia zilizomchuna magoti, akalala vyumba vya watu sita sita, na Jumatatu akawa amerudi kwenye mishono yake. Alitaka kitu kimoja tu: kucheza Kombe la Dunia kabla magoti hayajamgomea.

Mechi ya mwisho ya kufuzu ilimkuta na ufa katika mfupa wa kidole cha mkono wa kushoto. Kocha, ambaye aliwapenda wachezaji wake kama mtu anavyopenda viatu vyake, alimwita daktari wa timu chumba cha kubadilishia nguo. Daktari akaudunga mkono dawa ya ganzi, ukalala kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Usimwambie mtu," kocha alisema. "Au unataka jezi nimpe mwingine?"

Akavaa jezi.

Zilibaki dakika mbili, hakuna aliyefunga, na sare ilikuwa inawatoa. Katika mchezo huu bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya duara lililo mbele ya goli. Nahodha alipiga kombora akiwa nje ya duara. Pilipili akajirusha, akanyoosha gongo kwa mkono mmoja, ule wa kushoto, na mpira ukagonga ubao wa nyuma ya goli kwa kishindo. Refa akapuliza bao. Wapinzani wakamzonga wakidai mpira haukuguswa na mtu. Refa alikuwa amezibwa na walinzi, hakuona vizuri, akamwendea Pilipili.

"Uliugusa?"

Pilipili akaviuliza vidole vyake, kama alivyoviuliza kila asubuhi kazini. Vidole vikasema hapana.

"Sikuugusa."

Bao likafutwa. Pale ukingoni kocha alijua mkono ule una nini, na daktari naye alijua. Kila mmoja akatazama viatu vyake.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyekaa naye kiti kimoja. Timu ya taifa haikumwita tena, klabu ikamfuta, na kiwanda kikamhamishia kwenye kufungasha makatoni. Huko wenzake wakawa wanamuuliza kwa adabu zote, "Samahani dada, hili katoni umeligusa?" kisha wanaangua kicheko. Mchezo huo waliucheza miaka kumi na moja. Watu wakishapata wa kumtesa hawachoki mapema.

Aliyebaki upande wake ni mama yake tu. Majirani, wauguzi, hata fundi bomba aliyekuja kuziba jikoni, wote walisimuliwa. "Wangapi wangesema kweli pale? Mwanangu alisema." Pilipili aliishi kwa maneno hayo. Aliingia kazini kichwa juu na akatoka kichwa juu.

Jumapili moja mchana nahodha alibisha hodi. Siku hizi alikuwa ofisa wa chama cha mchezo, amenenepa na amependeza. Mama alikuwa kitandani, macho yameshaingia ukungu. Nahodha akamsalimia, akavuta kiti, akamsogezea Pilipili simu.

"Chama kinakusanya video za zamani. Hii ni ya shabiki mmoja wa wale wapinzani wetu, alisimama nyuma ya goli. Nikaona si vibaya uione."

Pilipili akaona. Mpira ulikuwa unaenda moja kwa moja kwenye mguu wa kipa. Ukafika kwenye gongo la Pilipili, ukapinda kidogo, ukaingia. Akairudia mara tatu.

"Nilidungwa ganzi," alisema kwa sauti ya chini. "Kocha alijua."

"Najua. Daktari aliniambia msimu uleule."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unatembea kichwa juu," nahodha alisema. "Hilo ndilo lililoniuma kuliko kombe."

Mama akageuza uso kwenye mto. "Mnatazama ile mechi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa si inaonyesha? Uliugusa?"

Nahodha aliegemea kiti, akamkazia macho, anasubiri. Pilipili aliutazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa hajawahi kumwambia mama yake uongo.

"Sikuugusa, mama."

"Si niliwaambia," mama alisema, akajilaza vizuri na kufumba macho.

Nahodha akairudisha simu mkobani, akauliza kama kuna chai.