Kiwanja Tulichoahidiwa

Uwanja ule wa zamani wa Nachingwea wengine wanaukumbuka kwa mabao. Mimi naukumbuka kwa neno moja lililotunasa.

Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei ya chumvi na kuitikia salamu. Nyumbani tulisema Kimwera. Kwa hiyo karani wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga aliposimama shambani kwetu akasema, "Mzee, hapa mtapata kiwanja kizuri," baba alicheka kwa furaha, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Alidhani tunapewa mahali pa kujenga nyumba ya bati.

Matrekta yaling'oa mikorosho yetu, yakasawazisha hata kaburi la mama. Baba alikwenda kudai kiwanja chake. Karani akashangaa.

"Si ndicho hiki, mzee? Kiwanja cha michezo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mpira ukachezwa pale, mashindano ya mbio yakafanyika, askari wakapiga gwaride, na siku za sikukuu zikapigwa ngoma. Palizungushwa waya na geti la kufuli. Tukahamia kibanda kando ya waya huo. Nilikuwa binti wa kuolewa, na niliwachukia wote waliopiga makofi mle ndani.

Baba aliomba kazi humo humo, ya kuvuta rola la kushindilia ardhi. Akifika palipokuwa na kaburi la mama, hatua tisa kutoka golini, alilipindisha akapita kando. Pakabaki kinundu chenye nyasi. Wachezaji walijikwaa, wakamtukana. Yeye aliwapa pole tu, akaendelea na kazi.

Baba mdogo alimfuata mara tatu kutoka Nambilanje.

"Kaka, ardhi ipo, ufuta unastawi. Utavuta chuma hiki mpaka lini?"

"Atakayekuja baada yangu atapita moja kwa moja," baba alijibu.

Basi hakuondoka, nami nikakataa posa mbili za mbali, maana nani angempikia? Tulikuwa kama kuku waliofungwa mguu mmoja mmoja.

Homa ilimchukua kabla ya mvua. Tuliomba azikwe karibu na mama, tukakataliwa. Tukamzika nje ya waya.

Siku ya tatu ya matanga nilisikia rola. Nilikimbia, nikashika waya nikamwita yule mvutaji mpya. Kwa woga Kiswahili chote kilinipotea kichwani, nikapiga kelele kwa Kimwera. Alikuwa mgeni, mtu wa bara. Alinipungia mkono kwa adabu, akapita moja kwa moja.