Hasira za Eustadia Zapata Jina

Eustadia wa Ipuli alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, kipaimara, msiba, popote palipoinjikwa sufuria kubwa ungemkuta amejifunga kanga kiunoni, mwiko mkononi. Chakula chake kilikuwa kitamu, hilo hata waliogombana naye walikubali, na waliogombana naye hawakuwa haba. Ukimwambia wali wake una maji, aliumwaga wote chini mbele ya wageni, akaenda zake nyumbani kulia mpaka macho yakavimba. Kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwako na kuku wa kukuomba radhi. Kuku wa nyumba ile hawakuwahi kuzeeka.

Watu walizoea. Aliyechoka ni binti yake wa pekee, Recheli. Mwaka huu Recheli alichumbiwa na Renatus, kijana wa Nzega, na wakwe wakatuma habari kwamba watakuja kuleta mahari. Jioni moja akamkalisha mama yake jikoni.

"Mama, nakupenda, lakini nakuogopa," alisema. "Wageni wakija ukalipuka, nitaificha wapi sura yangu? Marehemu baba angekuwepo angekutuliza. Naomba mahari ipokelewe kwa shangazi."

Eustadia akajibu kama kawaida yake: akavurumisha kikombe ukutani. Recheli hakulia wala hakubisha. Alichukua ufagio, akakusanya vigae taratibu, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Hapo ndipo Eustadia alipoogopa kweli. Mtoto kuolewa kutokea kwa wifi yake na yeye mama mzazi yuko hai! Akaomba apewe nafasi moja tu. Recheli akakubali shingo upande. Wiki ile ile Eustadia akaenda hospitali ya Kitete.

Daktari Theodora alikuwa binti mdogo kiumri, mwenye shikamoo nyingi na maswali mengi zaidi. Baada ya mahudhurio kadhaa alimwambia, "Mama, haya si mashetani, wala wewe si mtu mbaya. Una tatizo la kudhibiti hisia. Hisia zako zinapanda haraka kuliko za wenzako, zinapanda juu mno, na zinachelewa kushuka. Tutalifanyia kazi pamoja."

Eustadia alilia palepale kwa furaha. Miaka yote hiyo alijiona ameumbwa vibaya, kumbe ni kitu kinachojulikana, kina jina na kina daktari wake.

Basi, mnadhani alitulia? Wapi. Alirudi Ipuli na ugonjwa wake kama mtu aliyepata leseni. Akamfokea mama mwenyekiti wa jumuiya, kisha akasema, "Mnisamehe, ni ugonjwa." Akamtukana muuza nyama, mzee Anton, kwa sababu ya mfupa. "Ni ugonjwa, mzee wangu, daktari amethibitisha." Mzee Anton akafuta kisu chake polepole. "Na mimi nina kisukari, Eustadia," alisema. "Mbona sijawahi kukumwagia chai?"

Eustadia alimpelekea Theodora mashtaka hayo akitegemea kutetewa. Theodora akacheka, kisha akasema kwamba mzee ana haki: kujua kwa nini unalipuka si ruhusa ya kulipuka. Halafu akauliza kama kuna mtu yeyote duniani ambaye hajawahi kugombana naye.

"Masolwa," Eustadia alijibu bila kufikiri. "Mtoto wa mjomba wangu. Huyo kila siku ananiita mke wake mwenye miguu ya mbuni."

"Na hukasiriki?"

"Nitamkasirikiaje mtani, daktari? Nitachekwa na mji mzima. Moto unapanda, naumeza, namtafutia tusi lake zuri zaidi. Nikilipata, moto wenyewe umeshapoa."

Theodora akaweka kalamu chini. "Mama, dawa unayo. Kumbe huwa unampa Masolwa peke yake."

Siku ya mahari ikafika. Wanaume walijifungia sebuleni na mambo yao, Masolwa akiwa nao, kwa hiyo hakuwepo wa kumtania. Wanawake walikaa uani. Eustadia mwenyewe alipakua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, akaviweka na karanga kwenye sinia mbele ya wageni. Shangazi wa Renatus, mama mmoja mnene aitwaye Leonia, akachukua kimoja, akakitafuna kwa muda mrefu.

"Michembe hii imepikwa," aliuliza, "au imeoshwa tu?"

Recheli alisimama na birika mkononi, amekodoa macho. Eustadia aliusikia moto ukitoka tumboni, ukipita kifuani, ukifika masikioni. Mkono ukaanza kuifuata sinia. Akamtazama Leonia, akamvisha sura ya Masolwa, pamoja na masharubu. Yalimkaa vizuri ajabu.

"Imepikwa, dada yangu," alisema. "Ila sikujua kama watu wa Nzega wanakuja na njaa bila meno."

Leonia aliacha kutafuna. Akamtazama Eustadia, akatazama michembe, halafu akaangua kicheko mpaka kilemba kikamwanguka. "Huyu ndiye mkwe," alisema akijipangusa machozi. "Niongezeeni basi, nimeze mzima mzima."

Eustadia naye alicheka, kisha akaaga kwa adabu, akazunguka nyuma ya jiko. Huko akakaa juu ya kuni. Moto ulikuwa haujashuka, bado ulimchoma. Daktari hakumdanganya kuhusu kuchelewa.

Recheli akamfuata, akakaa pembeni yake.

"Mama, begi langu liko nyuma ya mlango wa chumbani," alisema. "Nilishalifunga tangu alfajiri, niende kwa shangazi ukiharibu. Naomba unisaidie kutoa nguo."

Neno hilo liliuma. Eustadia alilisikia linavyouma, akaliacha liume. Akamshika mwanawe mkono.

"Ngoja kwanza nilie," alisema. "Nikimaliza, twende."