Supavaiza Alipookoka

Kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, walinzi tisa tulifanya ibada chumbani kwetu mtaani Najma, huku ughaibuni, tumekaa vitandani. Ijumaa moja supavaiza wetu, aliyezoea kutucheka, akaja na Biblia mpya na kusema ameokoka. Wenzangu walilia kwa furaha, wakampa kiti pekee kilichokuwemo. Mimi sikumwamini hata kidogo. Nilikumbuka historia ya Roma tuliyosoma shuleni: dola iliwatesa Wakristo, kisha Kaisari mwenyewe akajiunga nao, na punde maaskofu wakawa wageni mezani kwake. Siku hizi supavaiza ndiye anayeongoza maombi, na asiyehudhuria huulizwa kazini Jumamosi. Ijumaa iliyopita nilikuwa na homa kali. Niliimba kuliko wote.