Beseni Nililompa Muuaji

Watu walikuwa wanamwombea kifo mtu aliyembeba mwanangu mgongoni. Na aliyewachochea ni mimi.

Iko hivi.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ya uandishi alituambia, "Mhusika asiye na jana ni kinyago. Mpe kumbukumbu yako moja, atapumua."

Nilikuwa naandika simulizi ya mwanamke muuaji, naiweka mtandaoni kipande kwa kipande. Nikampa kumbukumbu yangu ya utotoni: shangazi anamkandamiza kwenye beseni la maji baridi. Mtoto anapiga mayowe, shangazi haachii.

Jina nikabadilisha. Mtaa nikabadilisha. Beseni nikaliacha lilivyo: la bluu, ukingo umepasuka, umezibwa kwa plastiki ya kuyeyusha.

Wasomaji wakawaka! "Shangazi huyo achomwe!" "Afe kifo kibaya!" Nami kichwa kikavimba.

Shangazi yangu mwenyewe ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenishikia mtoto nikiwa darasani. Mambo ya mtandaoni hayajui. Nikajiona salama.

Nilimsahau msusi wake.

Siku hiyo nimempitia shangazi na mwanangu saluni, nakuta msusi kashika simu, anawasomea wateja kwa sauti. "Jamani, huyu si shangazi, ni fisi kavaa gauni!"

Saluni nzima ikaangua kicheko.

Shangazi alikuwa kwenye benchi, mwanangu kamlalia mgongoni. Hakucheka.

Nyumbani alimshusha mtoto taratibu, akamfunika. Kisha akaanza kukunja nguo zake.

"Shangazi, ile ni hadithi tu."

"Beseni nalijua, mama."

"Sasa kwa nini ulinifanyia vile?"

"Homa ilikupanda mpaka macho yakageuka. Degedege hilo. Na maji ndani ya nyumba yalitosha beseni moja tu."

Akakunja gauni jingine. Halafu akaniuliza, "Huyo shangazi uliyemwandika, ulimpa mtoto?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwa naye. Yuko kitandani anaungua, ananiita. Nikamwambia ngoja mwanangu, huyu wa kaka yangu kazidiwa. Nilipogeuka kumchukua, alishaacha kuita."

Binamu yangu alikufa kwa homa, hilo nililijua. Hakuna aliyewahi kuniambia ni siku ileile.

Simulizi nimeifuta. Shangazi ameondoka, simu yangu hapokei. Mwanangu anamtafuta mpaka nyuma ya pazia. Kesho namfuata, Mungu akipenda atanifungulia.

Wewe unayeandika, kumbukumbu ya utotoni huushika mkono uliokuumiza, sababu haiijui. Kabla hujampa mhusika wako, muulize aliyekuwepo. Muulize angali hai.